Mama aliacha diazepamu mara moja, sasa anatetemeka. Inapunguzwaka namna gani?

Neema, Goma (Himbi)

Jambo wapendwa, niko naomba mashauri juu ya mama yangu, lakini ya watu wenye wanajua ama wenye wamepitia hii kitu. Mama iko na myaka 67. Wakati volkano ilitoka mwezi wa tano 2021 tulikimbia mpaka Sake na watoto mgongoni, tukarudi tukakuta nyumba iko nzima, lakini yeye usingizi ikamukatalia kabisa, udongo ikitikisika hata kidogo yuko nje na kitenge. Infirmie moja wa kartie akamupa diazepamu, dawa ya kutuliza na kulalisha, ati ya wiki moja tu apumzike. Ile wiki moja haikuishaka. Mpaka leo anakunywaka komprime mbili za 5 mg kila usiku, tunanunua ku farmasi, hakuna ordonansi, hakuna mutu anauliza kitu.

Sasa yaya, kaka yetu mukubwa, alifika kutoka Kampala, akasema hii dawa inamaliza akili ya wazee, akazitupa zote mu choo. Siku mbili za kwanza mama alikuwa muzuri, tukashukuru Mungu. Ya tatu hakulala. Ya ine jasho mpaka shuka inalowa, mikono inatetemeka hawezi shika kikombe ya chai, kelele ya watoto inamuchoma, anasema hata mwangaza ya ampuli inamuumiza macho. Tukafikiri ni malaria, tukamupima, negatif. Jana jioni akaniambia Neema, nyumba iko inatikisika tena, na mimi niko nimekaa kando yake ku kitanda ile ile, hakuna kitu.

Sasa hii ni dawa ama ni ugonjwa ingine? Nimurudishie? Na kama ni kuiacha anaiacha namna gani, juu sipendi azeeke na hii komprime lakini sipendi tena kumuona hivi, inaniumiza sana.

Muzee wa Ndosho

Pole sana binti. Mimi naona kaka yako alifanya kazi ya mwanaume, hizi dawa za usingizi zimefunga watu wengi hapa mjini. Mwili inalialia siku chache alafu inazoea, avumilie tu. Jioni mumupe maziwa ya moto, na kama si mutu wa kukataa pombe, kasiksi glasi moja inalalisha vizuri. Asirudie ile dawa hata akiomba.

Infirmie wa Katindo

Papa, na heshima yote, hapo naomba nikukatalie, na ninamuomba Neema asome hii mbele ya kitu ingine yoyote.

Neema, kwa vile unaeleza hii inafanana sana na mwili yenye imenyanganywa dawa ghafla, na kwa diazepamu kunyanganywa ghafla ni hatari ya kweli, si mateso tu. Mutu mwenye aliitumia miaka akiikata siku moja anaweza kuanguka kifafa hata kama maisha yake yote hajapataka kifafa, anaweza kuchanganyikiwa, anaona vitu venye haviko. Mama kusema nyumba inatikisika, kwangu hiyo ni alama ya kutosha. Usingoje wiki iishe, mupeleke kwa munganga leo, na kama kutakuwa kuanguka, ama homa kali, ama hatambui tena watu wa nyumba, muende urgence usiku ule ule. Akipata krizi mumulaze kwa ubavu, muondoe vitu vigumu karibu yake, musimutie kijiko mu mdomo, musimukamate kwa nguvu.

Sababu gani siku mbili za kwanza alikuwa muzuri? Diazepamu inakawia sana mu mwili, yenyewe na kile ini inatengeneza kutoka kwake, siku nyingi kabla ya kuisha. Njo maana watu wanadanganyikaka, wanasema tazama ameacha na hana kitu, kumbe dawa ingali ndani. Dawa za jamaa ile zenye zinaisha haraka, kama lorazepamu, shida inakuja mbio zaidi, kesho yake tu.

Na kwa nini mwili inafanya hivi. Muliona chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inashuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, kijana anakanyaga ile kipande ya tairi nyuma ili isimushinde. Bongo iko na freni yake yenyewe, diazepamu inaongeza uzito ku ile freni. Ukiongeza kila usiku miaka na miaka, bongo inalegeza mguu wake, inaona kuna mwengine anakanyaga. Sasa ukiondoa yule mwengine kwa mara moja, mzigo unashuka bila mtu. Moyo unapiga mbio, jasho, mikono, masikio yanasikia kila kitu kama kelele. Si udhaifu wa roho, si utoto, na mama asitukanwe juu ya hiyo.

Kasiksi hapana kabisa, papa yangu. Pombe inagusa fasi ile ile mu bongo. Ikichanganyika na dawa inaweza kulalisha mpaka kupumua kunapungua, na ikitumika mahali pa dawa utakuwa umeacha utumwa moja na kuingia ingine.

Kawaida munganga anaweza kumurudishia dozi karibu na ile ya zamani, mpaka atulie, alafu kupunguza kunaanza kutoka pale. Lakini aamue yeye, juu kuna siku zimepita bila dawa na mama ni mtu mzima, nyinyi wenyewe musimurudishie kwa kukisia. Kupunguza kwenyewe ni pole pole kuliko watu wanavyofikiria, kwa diazepamu wengi wanashuka kama 1 ama 2 mg, wanakaa hapo wiki mbili mpaka ine, mwili ikishazoea ndiyo wanashuka tena. Mutu wa 10 mg anaweza kutumia nusu mwaka, hata mwaka mzima, na hiyo si kuchelewa. Akipata wiki mbaya hatushuki, tunabaki palepale. Tunajaribu kutopanda tena juu, lakini kubaki fasi moja muda mrefu haina haya.

Alafu niambie, mama anakunywaka dawa gani ingine? Zote, hata za maumivu.

Neema, Goma (Himbi)

Aksanti sana infirmie, nimesoma na machozi. Anakunywaka ya tansio kila asubuhi. Na juu ya mgongo anakunywaka tramadoli, si kila siku lakini hii wiki amekunywa zaidi juu anasema mifupa yote inauma. Yaya hakuitupa ile, alifikiri ni ya maumivu tu.

Infirmie wa Katindo

Vizuri umesema mbele, juu hapa ndipo watu wanapotea. Tramadoli yenyewe inaweza kuleta kifafa, na mu mwili yenye iko tayari mu hatari ya kifafa unaongeza moto. Tena tramadoli pamoja na diazepamu, zote mbili zinapunguza kupumua, kwa mutu wa myaka 67 hiyo ni hatari usiku wakati nyinyi wote mumelala. Kwa hiyo munganga lazima ajue zote mbili, usimuambie moja na kuficha ya pili kwa haya. Asiongeze tramadoli juu ya ile maumivu ya mifupa, kuna uwezekano mkubwa hayo maumivu ni sehemu ya hii hii shida ya diazepamu. Na kama ameizoea, nayo isikatwe mara moja, inapunguzwaka pia, lakini si zote mbili kwa wakati moja, watapanga gani ianze.

Ile ya tansio aendelee kama kawaida. Omba wamupime tansio leo, wakati kama huu inaweza kupanda.

Yaya Espe, Bukavu

Neema mdogo wangu, pole. Mimi ni Bukavu, nilikuwa ku bromazepamu, dawa ya jamaa moja na diazepamu, ile komprime ndefu ya 6 mg yenye iko na mistari, unaivunja mara ine. Nilianza nayo baada ya kumuzika bwana, na kila mutu mu familia alikuwa anajua njia ya kuniachisha, moja aniambie funga na maombi, mwengine aniambie tembea mpaka Nguba na kurudi. Nimeomba na nimetembea, na vyote vimenisaidia, lakini chenye kilinitoa ni kupunguza robo, na kungoja.

Nikuambie kitu yenye hawakuniambiaka mbele. Kuanza si kugumu sana. Mwisho ndio mugumu. Mama yako akiwa ku komprime mbili, kutoa robo ya komprime moja haionekane sana, atabaki na 8.75. Lakini akifika ku moja tu ya 5, ile robo ni robo ya kila kitu anakunywa, mwili inaisikia kabisa. Hapo munganga wangu alinipa vipande vidogo zaidi, na kwa diazepamu kuna komprime za 2 mg, nusu yake ni 1, robo yake ni nusu ya miligramu, njo zenye mutatafuta mbele ya kufika hapo, musingoje siku ya mwisho kuzunguka mafarmasi.

Nunua wembe mpya na sahani nyeupe. Nilikuwa nakata za wiki nzima siku ya yenga (jumapili) asubuhi wakati mikono haitetemeki, natia kila moja mu karatasi na jina ya siku. Ukikata kila usiku na usingizi mu macho utakata mbaya, leo kubwa kesho kidogo, na mwili hauelewi. Zile unga unga usizitupe, hesabu nazo.

Usiku usingizi itarudi ya mwisho kuliko vitu vyote. Mwambie mama mapema, ili akilala masaa matatu asifikiri ameshindwa. Niliamka saa tisa ya usiku nikisikia jogoo wa jirani, nikabaki nimelala tu, bila simu, bila kuwasha taa, na kuna usiku moja nikashangaa ni asubuhi. Chai nyeusi na kahawa niliacha saa sita mchana. Na kutembea asubuhi kweli kunasaidia, si ya kuwafurahisha watu wa familia, inasaidia.

Mimi nilifuatwa ku SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya ma Frères de la Charité hapa Bukavu. Goma muko na Tulizo Letu, ni ma Frères de la Charité pia, wanajua hii kazi.

Mwana Lubumbashi

Niko nasoma kutoka Lubumbashi. Papa yetu alikataa kwenda ku Guislain, hospitali ya akili ya hapa, miezi mingi juu alikuwa anasema ile ni ya wazimu, watu wa kartie wataniona nikiingia. Nikamwambia papa, hata ukianguka kifafa mu soko watu watakuona. Si neno zuri la kumwambia mzazi lakini alienda. Walimukaribisha kama mutu mwenye anakuja juu ya tansio, hawakumufunga mahali, alirudi nyumbani siku ile ile na karatasi ya namna ya kupunguza. Neema kama mama anakataa juu ya jina ya fasi, muanze na munganga wa kawaida mwenye anamuamini, huyo ndiye atamupeleka. Lakini munganga, si farmasi. Farmasi atakuuzia tena bwate.

Muzee wa Ndosho

Infirmie nimekuelewa, na aksanti kunisahihisha mbele ya watoto, ile ya kasiksi muiache. Neema musigombane na kaka yako, alitaka mema kwa mama, mumueleze hii yote pole pole ili awe wa kumulinda mama, si wa kumuchunga.

Neema, Goma (Himbi)

Tumepata moto (pikipiki), tunatoka nyumbani sasa hivi, yaya yuko anakuja na sisi, amesoma yote na amenyamaza sana. Mama amekubali, amesema tu asiambiwe ni kichaa. Infirmie, nibebe nini? Na nikiambiwa dozi nifanye nini ili mutu asiichanganye tena nyumbani, tuko watu wengi?

Infirmie wa Katindo

Beba plaketi zote, hata zenye ziliisha, ile ya tansio na ile ya tramadoli, munganga asome mg mwenyewe. Andika ku karatasi siku gani alikunywa diazepamu ya mwisho na saa ngapi, na tramadoli ngapi hii wiki. Mwambie wazi ile ya kuona nyumba inatikisika, usiipunguze juu ya haya. Kama njiani anaanza kukakamaa ama macho yanageuka, musiendelee na kartie kwa kartie, ingieni hospitali ya karibu.

Nyumbani dawa ikae kwa mutu moja tu, wewe, mu kisanduku yenye inafungwa, watoto wasiifikie. Kila usiku unampa mama mwenyewe, unatia alama ku kalenda, na mama anaona ile alama. Dozi ikibadilika andika tarehe na namba mpya ukutani kitu kila mutu anaweza kusoma, hata yaya akikuja tena kutoka Kampala. Na ku randevu ya pili uende na ile kalenda, ndiyo munganga atajua kama tunashuka ama tunangoja.

Niandikie mukifika, hata saa ya usiku.