Waya wa kuvutia umegoma mita 7 ndani ya paipu, nifanyeje?

Mkaazi_Wete: Assalamu alaikum mafundi. Nyumba ipo Wete, ya ghorofa, paipu za plastiki za milimita 20 zimezikwa. Kutoka DB (boksi kuu la kugawia umeme) hadi boksi la chumba cha juu ni mita 11, kona nne. Nataka kupitisha nyaya tisa: sita za milimita mraba 2.5 za saketi mbili za soketi, na tatu za milimita mraba 6 za hita ya maji. Waya wa chuma wa kuvutia ukifika mita 7 hausogei. Nitie mafuta ya kupikia nivute kwa nguvu?

Fundi_Fuoni: Waalaikum salaam. Mafuta usitie, yanaharibu ganda la waya. Sabuni ya unga nayo huacha chumvi inayovuta unyevu, na hewa yetu ya bahari unaijua. Tumia poda ya mtoto, au jeli maalumu ya kuvutia nyaya.

Lakini tatizo la kwanza ni hesabu. Paipu ya 20 kwa ndani ina kama milimita 16.5, yaani eneo la milimita mraba 210 hivi. Usijaze zaidi ya asilimia 40, sawa na 84. Waya wa 2.5 pamoja na ganda lake unakula eneo la kama 12, wa 6 kama 20. Zako: 72 na 60, jumla 132. Hazipiti hizo, na zikipita zitachemshana. Hita itafutie paipu yake. Soketi zikibaki peke yake, saketi mbili zinaweza kutumia ethi (waya wa ardhini) moja ya 2.5, lakini nyutro (waya wa kurudisha umeme) kila saketi na yake. Hapo unavuta nyaya tano tu: laivu (waya wa moto) mbili, nyutro mbili na ethi moja.

Bi_Saketi: Na kona nne bila boksi katikati, nani kaziweka? Mwisho ni mbili. Kama zimetumika elbo kali badala ya paipu kukunjwa kwa springi, hapo ndipo panapogoma. Tia alama kwenye waya ulipoingilia, uutoe, uupime, kisha ufuate njia ya paipu ukutani kwa urefu ule ule. Panaangukia wapi?

Mkaazi_Wete: Juu ya mlango wa stoo, ukutani.

Bi_Saketi: Afadhali si kwenye slebu. Zima meni swichi, chimbua hapo taratibu. Aghlabu utakuta saruji imeingia kwenye kiungo kisichotiwa gundi. Kata kipande, weka boksi lenye kifuniko, na usilipige plasta juu. Sasa una vipande viwili vya kona mbili mbili.

Fundi_Fuoni: Kwenye kuvuta: menya ncha kama sentimita 8, zipishanishe zisikae fundo moja, zikunje kwenye kitanzi cha waya wa kuvutia, funga tepu iliyochongoka mbele. Nyaya zote tano ziingie kwa pamoja. Ukiongeza mmoja baadaye juu ya zilizomo, msuguano unakata ganda kama msumeno. Roli ya waya izunguke, usichomoe mizunguko kwa ubavu, itajisokota. Mmoja asukume na kupaka poda, mwengine avute. Ikigoma, rudisha nyuma kidogo.

Kabla ya kufunga soketi, pima kwa mega (kipimo cha uzima wa ganda la waya) ya volti 500: laivu na nyutro, kisha kila mmoja na ethi. Chini ya megaohmu 1, waya umechunika au paipu ina maji. Vuta utoe.