Tupeane uzoefu: ligi ya timu B (kikosi cha pili cha klabu) inamjenga vipi mchezaji, na tuiendesheje huku Nyanda za Juu Kusini?

Mwalimu wa Uyole (mleta uzi)

Wadau wa soka wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, salaam. Uzi huu ni wa makocha, madaktari wa timu, mameneja na watunza kumbukumbu. Tuache za "nilicheza na fulani", kila mtu aweke utaratibu anaoujua, unavyofanya kazi na pale unapokwama.

Naanza na hesabu. Ligi Kuu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30. Timu yenye wachezaji 28 ikianzisha 11 na kumaliza mabadiliko yote 5, waliocheza ni 16. Waliobaki ni 12, na wengi wao ni walewale wiki hadi wiki. Wanafanya mazoezi vizuri tu, lakini mazoezini beki anajua winga wake anakata kushoto, na akikosea hakuna goli la kuuma. Kinachoondoka kwanza ni wepesi wa kuamua na zile mbio fupi za kurudiarudia. Siku mwalimu anamwingiza dakika ya 70, baada ya mbio tatu anashika nyama za paja, na jukwaani wanasema kijana hana kitu.

Vipaji havijawahi kuwa tatizo huku. Tukuyu Stars ilikuwa bingwa wa nchi 1986, na Mbeya City ilimaliza ya tatu msimu wa 2013/14. Tunachokosa ni mechi za ushindani kwa yule ambaye hajapata namba.

Tusichanganye timu B na U20. U20 ina kikomo cha umri. Timu B inabeba kijana anayepanda, mkubwa aliyekosa namba, majeruhi anayerudi, na kipa wa tatu ambaye anaweza kumaliza msimu mzima bila kudaka mpira wa ushindani. Uingereza ligi yao ya U21 inaruhusu wachezaji 5 wasio makipa na kipa 1 waliozidi umri huo. Afrika Kusini, klabu za ligi kuu zina ligi yao ya akiba tangu 2014.

Kiungo Mkabaji, Mafinga

Mwalimu umegusa penyewe. Naongeza upande wa kupanga dakika, maana hapo ndipo timu B nyingi zinafia.

Fungua daftari lenye safu nne: jina, dakika za timu A (kikosi cha kwanza), dakika za timu B, jumla ya wiki. Lengo ni dakika 60 hadi 90 kwa kila mchezaji mzima. Mechi ya B iwe kesho yake baada ya ile ya A, ikichelewa sana siku mbili. Aliyecheza 60 na kuendelea anapumzika. Aliyepata kati ya 30 na 60 anapewa kipindi kimoja. Aliyekuwa chini ya 30 anaanza. Mechi ikisogezwa hadi Alhamisi imeharibika, kwa sababu mwalimu wa A hatakubali kuwaachia watu anaowahitaji Jumamosi, na B itabaki na watoto peke yao.

Timu B icheze mfumo uleule wa A. Kama A inapandisha mabeki wa pembeni na kiungo mkabaji anashuka katikati ya mabeki wa kati, B ifanye hivyohivyo. La sivyo kijana akipandishwa anaanza kujifunza upya mbele ya mashabiki.

Wakubwa wanaoanza wasizidi 4 au 5, na wafanye angalau zoezi moja na B kabla ya mechi, hasa kona na faulo. Wakiletwa asubuhi ya mechi hakuna anayejua nani anakaba nguzo ya kwanza, na goli linaingilia hapohapo.

Jambo linaloua kabisa ni kumpeleka mkubwa timu B kama adhabu. Anatembea uwanjani, na kijana wa miaka 18 aliye pembeni yake anajifunza kutembea. Mwalimu mkuu au msaidizi wake awe uwanjani, na orodha ya safari ijayo itangazwe baada ya mechi ya B, siyo kabla. Hapo utaona watu wanakimbia.

Dada Physio, Mbeya

Kwa majeruhi, mechi ya B ni sehemu ya tiba, ila ina ngazi zake. Kwanza akimbie kwa kasi yake yote mazoezini bila maumivu, abadili mwelekeo, apige mpira mrefu. Kisha dakika 30, mechi inayofuata 45, halafu 60 hadi 70, mwisho 90. Asubuhi ya kesho yake mpime: goti likivimba au paja likikaza, anarudia ngazi ileile. Dakika zake ziandikwe kabla ya mechi na apewe mwalimu wa B mkononi. Bila karatasi, timu ikiwa nyuma goli moja majeruhi anamaliza 90.

Juni na Julai asubuhi huku kwetu kunauma baridi. Kupasha misuli dakika 15 hakutoshi, fanya 25. Wa akiba wanakaa kwenye benchi la zege na bukta, miguu inaganda, halafu wanaingia moja kwa moja. Wavae suruali za mazoezi, na kila baada ya dakika 10 wawili wawili waende nyuma ya goli wapige mbio fupi tano au sita.

Mnyalukolo

Kamwene wakuu. Kikwazo ni nauli. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na hakuna klabu ya huku inayoweza kulipia msafara wa pili kila wiki.

Njia ninayoiona inawezekana: timu A ikisafiri, ibebe wachezaji 22 hadi 24. Walale usiku mmoja zaidi, na saa 3 asubuhi ambao hawakucheza wakutane na ambao hawakucheza wa wenyeji. Gharama ni usiku huo na chakula, basi limeshalipwa. Timu za Dar zikija uwanja wa Sokoine, Mbeya, zinaweza kufanya vilevile, zikaondoka mchana. Wakipungua 11 upande mmoja, jazia na vijana wa wenyeji.

Tusipofanya hivyo mchezaji wa benchi anatafuta dakika kwenye ndondo, mechi za mtaani. Uwanja una mashimo, hakuna daktari, na akiumia anaficha hadi Jumatatu.

Mtunza Nyasi

Mechi ya B isichezwe uwanja mkuu Machi na Aprili. Mvua ikinyesha usiku na watu 22 wakakanyaga asubuhi, mbele ya goli panakuwa tope, na nyasi zinachukua wiki kadhaa kurudi. Tafuteni uwanja wa shule wenye mteremko unaotoa maji.

Karani wa Usajili

Wachezaji wa B wasajiliwe rasmi, msimu kwa msimu, kwa jina na tarehe ya kuzaliwa zinazofanana na cheti. Hapa klabu zetu zinapoteza fedha.

Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 unabeba asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa 16 hadi 23 asilimia 0.5. Kijana aliyekaa kwenu misimu minne, miaka 17 hadi 20, akiuzwa nje kwa dola 100,000, mnastahili dola 2,000. Akiuzwa tena kabla mkataba wake haujaisha, mnalipwa tena. Ushahidi ni pasipoti ya mchezaji, siyo ya kusafiria bali rekodi ya klabu alizosajiliwa, inayotokana na usajili. Kama alikuwa "anafanya mazoezi na sisi" bila kusajiliwa, misimu hiyo haionekani popote. Kabla dirisha la usajili halijafungwa, kaeni na orodha ya B, soma jina moja moja mkilinganisha na cheti, na hakikisheni nakala imebaki klabuni, siyo kwenye simu ya katibu.