Naomba ushauri: nawaelezaje wanafunzi jinsi neuroni (seli ya neva) inavyojumlisha ishara?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha tuisheni ya baiolojia kidato cha sita, huku Mbagala. Sodiamu kuingia kwenye seli, volteji kupanda kutoka kama milivolti -70, potasiamu kutoka, hayo vijana wanayameza. Hata sinapsi, pale neuroni mbili zinapokutana na kemikali ya kupeleka ishara, asetilikolini, inapovuka, haiwasumbui.

Wanakwama hapa: kila mpigo wa neva una ukubwa uleule, sasa ubongo unajuaje umeguswa au umefinywa? Nawaambia ni wingi wa mipigo kwa sekunde, pamoja na idadi ya neva zilizoamka. Binti wa dawati la mbele akadakia, "Mwalimu, nani anahesabu?" Darasa likaangua kicheko. Swali zuri, kusema kweli.

Ili nimjibu, mwenye zoezi la kuonyesha ishara za kuchochea na za kuzuia zikijumlishwa ndani ya neuroni anisaidie. Maabara hatuna, ni ubao na chaki tu.