Mafao ya mume yanagawanywaje baada ya talaka?

Mama wa Majengo, Moshi: Wakuu, mume ni mwalimu wa serikali, anastaafu mwakani. Mke wa nyumbani, ndoa miaka 18. Ana haki kwenye mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma? Aanzie wapi?

Mzee wa Baraza: Dada, aanzie Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata. Likishindwa, asiondoke bila Fomu Na. 3, yaani hati ya baraza kwamba limeshindwa kuwapatanisha; kesi nyingi hukwama hapo. Kisha Mahakama ya Mwanzo.

Wakili, Arusha: Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, 1971, kinagawa mali iliyochumwa kwa jitihada za pamoja. Kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo kwenye Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, 1983. Asiseme tu "naomba nusu". Apeleke hati za mshahara zinazoonyesha makato ya 5% ya mfuko kwa miaka ya ndoa. Na asitegemee mfuko umlipe yeye moja kwa moja: aombe amri imwelekee mume, au afidiwe kwenye kiwanja au nyumba. Hili la mwisho ndilo salama zaidi, maana fedha taslimu huisha haraka.

Mzee wa Baraza: Asiporidhika, rufaa ni ndani ya siku 45.