Silinda inagonga ikishuka na mzigo, ikipanda imetulia

Jukwaa_Wima:
Wakuu, habari za kazi. Nina silinda ya kuinulia jukwaa, imesimama wima. Kipenyo cha ndani 80 mm, rodi 45 mm, mwendo mita 1. Pampu inatoa lita 40 kwa dakika, rilifu (vali ya kuachia presha ikizidi) ipo baa 180, oili VG 46 (daraja la mnato). Ikipanda na tani 5 haina shida. Ikishuka na mzigo huohuo inagonga mfululizo mpaka hozi zinaruka. Ikishuka tupu inatulia. Sili zote mpya, hewa imeshatolewa. Kwenye tundu la chini kuna vali ya njia moja inayofunguliwa kwa pailoti (presha ya kuiamuru vali) kutoka upande wa rodi. Nianzie wapi?

Spuli:
Anzia kwenye hiyo vali, mkuu. Hewa ingekusumbua kupanda na kushuka, na oili kwenye tangi ingekuwa na povu.

Fuata oili inavyokwenda. Unaposhusha, pampu inajaza upande wa rodi, presha inapanda, pailoti inafungua vali, mzigo unashuka. Eneo la upande wa rodi ni sm² 34.4, kwa hiyo lita 40 zinatosha kasi ya sm 19 hivi kwa sekunde. Tani 5 zinataka kwenda haraka kuliko hapo. Mzigo ukiikimbia pampu, presha ya upande wa rodi inaanguka, pailoti inakufa, vali inajifunga ghafla. Mzigo unasimama, presha inajengeka upya, vali inafunguka. Huko kufunga na kufungua ndiko unakokusikia. Ikiwa tupu hakuna cha kuikimbia pampu, ndiyo maana inatulia.

Thibitisha kwa geji yenye gliserini upande wa rodi. Sindano ikiruka kutoka karibu sifuri kwenda juu na kurudi, kwa mdundo uleule wa kugonga, usitafute kwingine.

Dawa yenyewe ni kuweka vali ya kauntabalansi (inayoshikilia mzigo na kuuachia taratibu) badala ya hiyo. Vali ya njia moja ya pailoti ni ya kushikilia mzigo usishuke; kuusindikiza mzigo unaojivuta si kazi yake. Kama unahitaji kitu cha muda, funga kidhibiti mtiririko cha njia moja kati ya silinda na vali, kibane oili inayotoka, upande wa kupanda kiache wazi. Kisikae baada ya vali, maana presha ya nyuma itaisukuma vali ijifunge tena. Na kibanwe kwenye mwili wa silinda kabisa, pasiwe na hozi katikati. Hozi hapo ikipasuka, jukwaa linaanguka.

Rodi_Nyoofu:
Nakubaliana na Spuli, ila pima na msuguano kabla ya kununua chochote, hasa kwa kuwa sili ni mpya. Sili inayonata hutetemesha kwenye mwendo wa polepole, hata bila mzigo, na sauti yake ni ya kukwaruza au kuguna, haigongi. Shusha tupu kwa kasi ndogo kabisa uliyonayo uone.

Ikinata, toa rodi uiweke kwenye V-bloku mbili (vishikio vyenye mfereji wa V), uizungushe chini ya dayali geji (geji ya sindano ya kupimia mpindo). Kumbuka dayali inasoma mara mbili ya mpindo: ukiona 1 mm, rodi imepinda 0.5 mm. Tazama pia ringi za kuongozea na pini za ncha zote mbili. Rodi iliyolika krom upande mmoja tu inakwambia silinda inavutwa pembeni, na hapo hata ubadilishe sili kila wiki, tatizo litabaki.

Jukwaa_Wima:
Asanteni. Polepole na tupu ni laini kabisa. Geji upande wa rodi inaruka kati ya baa 0 na 40. Nichague kauntabalansi ya namna gani?

Spuli:
Basi ni vali. Tani 5 juu ya sm² 50.3 (eneo la pistoni upande wa chini) ni kama baa 98. Zidisha kwa 1.3 ili vali ishike mzigo kwa akiba, upate mpangilio wa baa 127 hivi.

Uwiano wa pailoti chukua 3:1, yaani kila baa 1 ya pailoti inapunguza baa 3 za mpangilio. Wa 10:1 unafunguka kwa presha ndogo lakini kwa mzigo kama huu utakurudishia mtetemo uleule. Kwa 3:1, ukishusha na mzigo utahitaji karibu baa 8 upande wa rodi, na bila mzigo karibu baa 35. Hizo 35 ndizo gharama ya utulivu, zikubali.

Ukubwa wa vali usiuchague kwa lita 40. Pampu ikiingiza lita 40 upande wa rodi, upande wa chini zinatoka karibu 58. Chukua ya lita 60. Kubwa mno nayo inatetemeka. Ikibaki mtetemo kidogo, weka kizuizi chenye tundu la 0.6 mm kwenye njia ya pailoti.

Skrubu ya mpangilio soma karatasi yake kwanza. Ziko vali ambazo ukizungusha kufuata saa unapunguza presha, na ukikaza kwa mazoea unauachia mzigo. Tegemeza jukwaa kwa nguzo za chuma kabla hujagusa spana, na shusha presha ya mfumo hadi sifuri kabla ya kulegeza nati yoyote. Palipo na uvujaji pita na kipande cha kadibodi, kamwe si mkono. Oili ya presha inapenya ngozi, na ikishapenya ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.