Meli ya mama imebadilishwa njia sababu ya Bahari ya Shamu, tuna haki ya kudai hela yote?

BintiMarangu (Machi 9, 2024)

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa yeyote anayezijua hizi safari za meli za kitalii.

Mama yetu alifundisha jiografia sekondari mpaka akastaafu, na tangu tuko wadogo tunamsikia na Mfereji wa Suez wake, kilomita 193, ulifunguliwa 1869, hauna milango ya kupandisha meli kama ule wa Panama, kaufundisha miaka yote hiyo na hajawahi kuutia machoni. Basi watoto tukachanga. Mi niko Leicester ndo nikashughulikia malipo kwa ajenti wa huku, dada yangu mkubwa ndo wa kumsindikiza. Ratiba ilikuwa mwezi wa nne wanapanda Dubai, Muscat, Salalah, Aqaba, Safaga wakapelekwe Luxor kwa basi, halafu Suez mchana kweupe, mwisho Piraeus Ugiriki.

Juzi imeingia imeili. Kwa ajili ya usalama wa abiria na wafanyakazi meli haipiti tena Bahari ya Shamu, inazunguka Afrika nzima, Shelisheli, Durban, Cape Town, Walvis Bay, Tenerife, Casablanca, inaishia Barcelona, na siku zimeongezeka. Kila kabini inapewa vocha ya kutumia melini. Tujibu kabla ya tarehe 20. Hakuna mahali wameandika kama tunaweza kurudishiwa hela, na ajenti nikimpigia anasema mkataba unaruhusu kubadili njia, basi, anaishia hapo.

Sitaki mama apitishwe kwenye makombora ya Wahouthi wa Yemen wanaoshambulia meli, hilo liko wazi na sina ugomvi nalo. Lakini alicholipiwa ni Suez, na sasa Suez haipo, Luxor haipo, hata nchi ya kushukia siyo ile. Tiketi za ndege, KIA kwenda Dubai na kurudi kutoka Athens, tulikata wenyewe pembeni. Viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) kaipata ubalozi wa Ugiriki. Nifanyeje?

---

Safari_Arusha

Pole sana dada, na mpe pole mwalimu.

La kwanza na kubwa kuliko yote, usiandike popote kwamba MNAGHAIRI. Watu wengi wakipata imeili kama hiyo wanapandwa na hasira wanajibu "basi tumeacha", hapo umeshaghairi wewe, na jedwali la makato linaanza kufanya kazi, na mkiwa mmebakiza wiki chache hivi makato yanaweza kula karibu hela yote. Wewe andika kwamba mmepokea taarifa ya mabadiliko, hamjayakubali, na mnaomba wakuambie kwa maandishi njia ya kurudishiwa malipo yote. Na vocha usiiguse kwanza, ukishaipokea watasema ulikubali.

Pili, ajenti hajakudanganya ila kakuambia nusu. Ni kweli mikataba ya meli hizi karibu yote inampa nahodha na kampuni ruhusa ya kuruka bandari au kubadili njia. Ikirukwa bandari moja sababu ya upepo huna cha kudai zaidi ya ile kodi ya bandari. Lakini wewe umenunua Uingereza, na huko kuna Package Travel Regulations za 2018, kruzi, yaani safari ya meli ya kitalii, inahesabika pakeji kwa sababu usafiri na malazi viko pamoja. Wakibadilisha kwa kiasi kikubwa mambo makuu ya safari wanatakiwa wakupe uchague, ukubali mpya au uvunje mkataba bila faini, na ukivunja hela zirudi ndani ya siku 14. Bandari karibu zote zimebadilika, nchi ya mwisho imebadilika, idadi ya siku imebadilika, sasa kama hilo siyo badiliko kubwa sijui lipi litakuwa. Fidia juu ya hapo usiitegemee, vita inahesabika kama jambo lisilozuilika.

Kama ulilipa kwa kadi ya mkopo (siyo ya debiti) una silaha nyingine, Section 75 ya sheria yao ya mikopo ya 1974, benki inabeba wajibu pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000. Mteja wangu aliyekata safari kama hii hapa hapa Arusha hana hata kimoja cha hivyo, kabaki na mkataba wa kampuni peke yake, na inaniuma kumwambia.

Ndege ndo tatizo lenu, hizo ziko nje ya pakeji. Pigeni simu mapema muulize gharama ya kubadili tarehe, msisubiri wiki ya safari. Na bima mlikata lini? Bima nyingi zinaondoa vita, na ya baada ya Novemba 2023 watakwambia hatari ilikuwa inajulikana tayari.

Halafu ujue hamko peke yenu. Kampuni ya MSC wamefuta kabisa safari tatu za Aprili, za meli zao Virtuosa, Opera na Splendida, meli zinarudi Ulaya bila abiria.

---

BintiMarangu

Asante sana kaka, yaani nimepumua. Tulilipa mwezi wa nane mwaka jana kwa kadi ya mkopo, na bima tukakata siku hiyo hiyo. Vocha sijagusa.

---

Baharia_Likoni

Dadangu nami niseme kidogo, nafanya kazi kwenye hizi meli upande wa jikoni, sasa niko likizo Mombasa.

Watu wanadhani kampuni inafurahia kubadili njia. La. Kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ni maelfu ya maili za baharini zaidi, mafuta, chakula, mishahara, bandari mpya za kubembelezwa gati. Ila hapo Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, upana ni kama kilomita 30 tu na upande mmoja ni Yemen, hakuna pa kujificha. Meli ya Galaxy Leader walishukiwa na helikopta tarehe 19 Novemba wakatekwa, mabaharia wale 25 hadi Machi hii ya 2024 bado walikuwa wanashikiliwa. Rubymar imepigwa Februari 18, ikaelea siku kadhaa ikazama Machi 2 na mbolea yake. Na juzi tu, Machi 6, True Confidence, watu watatu wamekufa, mabaharia kama mimi, walikuwa kazini. Sasa hizo ni za mizigo zenye watu ishirini na kitu. Meli yetu ina watu elfu tatu, wazee wenye vigongo, watoto, nani atakubali kuikatia bima ya vita kwa bei inayolipika? Kuna makubaliano ya vyama vya mabaharia na wenye meli kwamba eneo likishatangazwa la vita baharia anaweza kukataa kuingia na arudishwe kwao kwa gharama ya kampuni, na mimi ningekataa wallahi.

Sisi wa pwani hii mambo haya tumeyaonja. 2005 Seabourn Spirit ilikuwa yatoka Alexandria yaja hapa kwetu Mombasa, ikashambuliwa na maharamia nje ya Somalia kwa roketi, ikageuza ikaenda Shelisheli. 2009 MSC Melody ikitoka Durban kwenda Genoa nayo ikafuatwa na boti kaskazini ya Shelisheli. Baada ya hapo meli zikatukimbia miaka na miaka, madereva wa teksi, wauza vinyago, wapeleka watu Tsavo, wote wakakaa. Sasa ndo zilikuwa zaanza kurudi, tumejengewa na jengo la abiria bandarini, na hao maharamia nao wameamka tena, Desemba wameiteka meli ya mizigo Ruen. Kwa hivyo ukiona meli yaruka bandari jua kuna mtu kule bandarini aliyeshaosha gari lake akingoja wageni.

Kuhusu njia mpya nikwambie ukweli. Mwezi wa nne mwishoni na wa tano kule Cape bahari huchafuka, mawimbi marefu, sahani zalazwa juu ya vitambaa vilivyoloweshwa zisiteleze mezani. Na kutoka Walvis Bay hadi Tenerife ni siku nyingi za maji matupu. Kwa mtu wa umri wa mama, kama ana magoti au presha, muulizeni daktari kwanza. Lakini kama ana afya, mwalimu wa jiografia kuuona mchanga wa Namib ukiingia baharini si haba.

---

Mswahili_wa_Hamburg

Hakuna aliyegusa viza na hapo ndo watu wanakwama, nimeona kwa macho.

Viza ya mama angalieni vitu viwili. Tarehe ya mwisho, mana ilipigwa kwa safari fupi na sasa meli inafika Ulaya baadaye, inaweza kufika viza imeshakufa. Na idadi ya kuingia. Tenerife ni Uhispania, akishuka pale kaingia Schengen, meli ikienda Casablanca katoka, ikifika Barcelona anaingia mara ya pili. Kama kwenye karatasi imeandikwa kuingia 1, Barcelona hashuki. Kampuni ikibadilisha njia viza haikutafutii, na ukifika kwenye kaunta bila karatasi wanakuzuia kupanda na wanasema ni kosa lako. Hilo nalo liandike kwenye barua yako, kwamba njia mpya inamhitaji abiria viza ambazo hana na muda wa kuzipata haupo, ni hoja nzito.

Shelisheli na kote huko abebe ile kadi ya njano ya homa ya manjano.

---

UmmSalim_Muscat

Assalam alaykum. Mimi naona mnazunguka mbali, mwalimu anataka Suez, Suez haijahama. Kilichofungwa na woga ni kule kusini kwenye mlango wa Yemen, Misri yenyewe watu wanaenda kila siku. Hela ikirudi mpandisheni ndege hadi Cairo, siku mbili tatu piramidi, kisha mshuke Ismailia, pale mnakaa kandokando ya maji mnaangalia meli zinapita karibu kabisa. Mkifika Port Said kuna feri ya bure kwenda Port Fuad, inaukata mfereji upande huu na upande ule, mama atakuwa yuko juu ya maji ya Suez kabisa na hakulipa hata senti.

Ila mwambieni asitegemee msururu aliokuwa akiuchora ubaoni. Meli zimepungua sana, mapato ya mfereji Januari hii ni dola milioni 428, Januari ya mwaka jana ilikuwa milioni 804. Wamisri wenyewe wanalia.

---

BintiMarangu (Machi 16)

Narudi na majibu, na asanteni mno nyote.

Niliandika kama Safari_Arusha alivyosema, sikutumia neno la kughairi, nikataja zile sheria za 2018, nikaongeza hoja ya viza (nimekagua, kweli imeandikwa kuingia mara moja, na inaisha kabla meli haijafika hata Tenerife). Siku ya kwanza wamenijibu na ile vocha tena, wakaiongeza kidogo. Nikarudia barua ile ile nikaiambatanisha na ratiba mbili, ya zamani na mpya, bandari kwa bandari. Jana wamekubali kurudisha yote kwenye kadi. Ndege ya Dubai tumebadilishiwa kwa kulipia tofauti, ile ya Athens imekula kwetu, na bima wamekataa wakasema vita haimo.

Baharia nimemsomea mama maneno yako kwenye simu, amekaa kimya akauliza hao 25 wana watoto? Nikamwambia sijui mama. Tangu hapo amewaweka kwenye sala za jumuiya, na habari ya kusikitikia kruzi kaikataza nyumbani.

Yeye amechagua wazo la UmmSalim, ila Ismailia anataka alale, siyo kupita. Tunaangalia mwezi wa kumi joto likipungua. Sasa swali lingine, viza ya Misri kwa pasi ya Tanzania, aliyeomba ubalozini Dar hivi karibuni anaweza kuniambia wanachukua muda gani, na kama dada anaweza kupeleka fomu za wote wawili au lazima mama ashuke mwenyewe kutoka Moshi?