Mjadala: Kinyago cha shetani ni kazi ya Samaki Likankoa au ya mnunuzi wake?

Ndugu zangu, mchangiaji aliyenitangulia amedai kwamba vinyago vya shetani vya Kimakonde, yaani sanamu za pepo wenye miili iliyopindapinda, havistahili kuitwa sanaa ya kisasa kwa kuwa vilizaliwa dukani: Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago jijini Dar es Salaam, alivitaka, wachongaji wakamtolea, na wageni wakavinunua. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali.

Wamakonde waliotoka Msumbiji na kuuza kazi zao mjini walizoea kuchonga mtindo wa binadamu: mwanamke anayetwanga, mzee mwenye kiko, mama aliyebeba mtoto, kila kiungo kikiwa mahali pake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa, mmoja wa wachongaji hao, aliuacha utaratibu huo. Husimuliwa kwamba mkono wa sanamu aliyokuwa akimpelekea Peera ulivunjika, naye katika kile kilichobaki akaiona sura ya nnandenga, pepo wa porini, akaendelea kuchonga kwa kuifuata sura hiyo, na hivyo mtindo wa shetani ukaanza.

Hata tukiiweka kando simulizi hiyo, kazi zenyewe zinatosha kuwa ushahidi. Mpingo mara nyingi hukua umepinda, una nyufa na mashimo, na ganda lake jeupe hufunika kiini cheusi. Mchongaji wa binadamu hulazimika kuushinda mpindo huo kwa tezo na patasi hadi mwili unyooke. Mchongaji wa shetani huufuata, hata titi likashuka na kugeuka mguu, jicho likabaki moja, na tundu la mti likawa tumbo ambalo mwanga hupita ndani yake. Mtu aliyekubali kwamba uwazi nao ni sehemu ya sanamu, na kwamba mwili si lazima ufanane na mwili, amevuka mpaka uleule ambao wachongaji wa Ulaya husifiwa kwa kuuvuka.

Kuhusu mnunuzi, tukumbuke kwamba sanamu ya mwandishi Balzac iliyotengenezwa na mchongaji Mfaransa Auguste Rodin nayo iliagizwa, mwaka 1891, na chama cha waandishi wa Ufaransa, ambacho mwaka 1898 kiliikataa. Hakuna anayesema leo kwamba chama hicho ndicho kilichoichonga. Kwa nini basi Rodin aongezewe sifa kwa sababu mteja wake alikataa, na Likankoa apunguziwe kwa sababu wa kwake alikubali? Peera alikuwa na jicho zuri na alilipa fedha. Jambo hilo ni kubwa, na anastahili kutajwa, lakini tezo haikuwa mkononi mwake.

Nakiri kwamba baadaye soko lilijaa nakala, nyingine za mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu ili uonekane mpingo, na kazi hizo zinaniumiza. Hata hivyo, nakala humhukumu anayenakili. Mtindo wenyewe haukufa: George Lilanga, aliyeanza kama mchongaji, aliwahamishia mashetani kwenye picha za rangi alipokuwa Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, wakacheza na kucheka kwa namna ambayo mti usingeruhusu.

Namwomba mwenzangu anijibu hili: ikiwa agizo la duka ndilo lililomzaa shetani, kwa nini duka lilelile, lililokuwa likinunua vinyago vya binadamu kwa miaka, halikumpata shetani hadi Likankoa alipomleta?